Hesabu ya Elifazi katika Nyanza ya Kusini

Kabla ya kitabu chochote kuchapwa kwa Dholuo, lugha ya Waluo, na kabla ya mhubiri wa kwanza kupanda kilima cha Gendia, watu wa Nyanza ya Kusini, nchi ambayo leo tunaiita kaunti za Homa Bay na Migori, walikwisha kuwa na jawabu la swali linalomkabili kila mwanadamu azikaye mtoto wake, nalo ni hili: kwa sababu gani msiba humwangukia mtu ambaye hakumdhulumu yeyote? Jawabu lao lilikuwa chira. Mtu aliyevunja miiko iitwayo kwer, kwa kupanda mbegu kabla ya kaka yake mkubwa, au kwa kujenga kabla ya zamu yake, au kwa kuziacha ada za mazishi, alitazamiwa kukonda, kukohoa, kuharisha na kuwazika wanawe mmoja baada ya mmoja. Na ikiwa yeye mwenyewe hakuonekana na kosa, kosa lilitafutwa kwa baba yake, au kwa mkewe, au kwa marehemu ambaye hakuweza tena kujitetea.

Sitaki kuidharau elimu hiyo. Iliwafunza wadogo kuwastahi wakubwa, ilizuia ugomvi wa mashamba na urithi, na ilimwachia mgonjwa mlango wa kutokea, maana chira ilikuwa na dawa yake, manyasi, na mkosaji aliyekiri mbele ya wazee aliweza kurudishwa katika ushirika wa boma lake, yaani dala. Walakini ndani yake ilikaa hesabu moja ngumu, ambayo kwa bahati mbaya si ya Waluo peke yao: penye msiba pana kosa, na asiyeonekana na kosa amelificha.

Hesabu hiyo hiyo imo katika Biblia, tena imenenwa kwa ufasaha mkubwa, ila imetiwa vinywani mwa watu ambao mwishoni mwa kitabu Mwenyezi Mungu anawakemea. Ayubu wa nchi ya Usi, mwenye kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda wake 500, mtu ambaye Mungu mwenyewe alimshuhudia kuwa mkamilifu, aliipoteza mali yake yote na watoto wake kumi katika siku moja, kisha mwili wake ukaenea majipu tangu wayo hata utosi. Rafiki zake watatu, Elifazi Mtemani, Bildadi Mshuhi na Sofari Mnaamathi, walipomjia walitenda kwanza jambo jema kuliko yote waliyoyatenda baadaye, yaani waliketi chini pamoja naye siku saba, usiku na mchana, bila ya kusema neno. Laiti wangalikomea hapo! Walipofumbua vinywa, Elifazi alitaka aonyeshwe mtu asiye na hatia aliyepata kuangamia. Bildadi alidokeza kuwa wale watoto kumi walikufa kwa maasi yao wenyewe. Na Sofari alithubutu kumwambia mtu aliyekuwa akijikuna kwa kigae kwamba Mungu amemtoza pungufu ya alivyostahili. Tena Elifazi, alipokosa ushahidi, aliutunga: katika hotuba yake ya tatu anamshitaki Ayubu kwamba aliwavua maskini nguo zao na kuwafukuza wajane mikono mitupu, mambo ambayo msomaji anajua kuwa hayakuwa. Hapo ndipo hesabu hii inapomfikisha mtu aliyeianza kwa nia ya kuitetea haki ya Mungu, maana akishaamini kwamba msiba hauji bure, hana budi kumzulia mwenziwe dhambi.

Na hukumu ya kitabu ni wazi. Hasira ya Mungu iliwaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa, ilhali Ayubu, aliyelalama, aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake na kudai ashitakiane na Muumba wake ana kwa ana, ndiye aliyepata kibali na kuambiwa awaombee hao waliomhukumu. Sababu ya mateso yake, ambayo sisi wasomaji tumeambiwa katika sura ya kwanza, Ayubu hakuambiwa kamwe. Alirudishiwa mali maradufu, akazaa watoto wengine kumi. Lakini mzazi yeyote aliyezika atakubali kwamba hao wa pili hawakumfufua hata mmoja wa wale wa kwanza, na kitabu hakisemi kwamba walimfufua.

Kitabu hicho kilifika upande wetu wa Ziwa Victoria kwa njia ya reli. Mwishoni mwa mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu, na mwezi Novemba mwaka 1906 wakavuka ghuba wamishenari wawili wa Waadventista Wasabato, Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na Peter Nyambo, mzaliwa wa Nyasaland, wakakita kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay. Inafaa kukumbukwa, kwa kuwa husahauliwa mara nyingi, kwamba mmoja wa hao waanzilishi wawili alikuwa Mwafrika. Carscallen alijifunza Dholuo, akaandika sarufi yake, na kufikia mwaka 1913 mtambo wa kuchapia ulikuwa ukifanya kazi pale kilimani. Wabatizwa wa kwanza walipatikana mwaka 1911. Na kutoka Gendia mafundisho yakaenea Wire, Rusinga, Karungu na Kamagambo, huku mapadre wa Kikatoliki nao wakijenga yao Asumbi.

Waadventista walileta mafundisho mawili yaliyogusa moja kwa moja jambo tunalolisimulia. La kwanza lilikuwa kwamba wafu wamelala, hawajui neno lolote mpaka siku ya ufufuo. Na mtu asiyeifahamu hofu ambayo marehemu aliyeghadhibika aliwatia walio hai hawezi kukisia ni mzigo mkubwa kiasi gani uliotuliwa siku ile ambayo mjane wa Karachuonyo aliamini kwamba mumewe aliye kaburini hamwindi. La pili lilikuwa kwamba duniani mna vita baina ya Kristo na adui yake, na kwamba maovu mengi yametoka kwa huyo adui, si kwa Mungu wala si kwa kosa la mgonjwa. Mafundisho haya yangaliweza kuivunja kabisa ile hesabu ya kale. Lakini mtu haiachi hesabu aliyoizoea kwa urahisi. Aghalabu hubadilisha majina tu, na mahali palipokuwa na kwer pakawekwa amri, na aliyeugua akaulizwa kama aliivunja Sabato.

Nchi yenyewe haikuwa na raha wakati huo. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia pwani za Ziwa Victoria tangu mwanzo wa karne, na ng'ambo ya Uganda unakisiwa kuwa uliua watu 200,000 au zaidi kabla ya gavana Hesketh Bell kuamuru wakazi waondolewe ufukoni. Mwaka 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani na David Bruce walithibitisha kwamba chanzo chake ni kijidudu kinachoingia katika damu na kisha katika maji ya uti wa mgongo, na kwamba mchukuzi wake ni mbung'o. Mbung'o hulala katika vichaka vya kando ya maji, humwuma mvuvi aliyeamka alfajiri kuwatafutia wanawe riziki, na humwacha mvivu aliyelala ndani. Naye hajui yupi ni mwema na yupi ni mwovu, kama vile mvua, kwa maneno ya Yesu mlimani, isivyochagua shamba la mwenye haki. Bonde la Lambwe, lenye rutuba na malisho ya kutamanisha, lilibaki karibu tupu kwa ajili ya mbung'o. Mwaka 1966 sehemu yake ikatengwa kuwa hifadhi ya wanyama, mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, na katika miaka iyo hiyo ya 1980 malale yalizuka tena kwa wakazi wa kandokando yake.

Kisha vikaja vita vya wageni. Tarehe 12 Septemba 1914 Wajerumani waliovuka mpaka kutoka kusini walipigana na Waingereza pale Kisii, na katika ghasia zilizofuata nyumba za serikali na za misheni ziliporwa, halafu serikali iliporudi ikawalipiza wenyeji kwa kuwatwalia mifugo, mporaji na asiyepora kwa pamoja. Vijana wa Nyanza wakachukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wakafa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa katika misitu ya Tanganyika. Hesabu ya serikali yenyewe ilikiri kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba walikuwa wengi zaidi sana. Waliosalia wakapokewa na homa ya mafua ya mwaka 1918. Ni dhambi gani ya kijana wa Kanyamkago au wa Gwassi iliyomstahilisha kufia Rufiji katika ugomvi wa wafalme wa Ulaya? Biblia haimwambii kwamba ipo. Mwandishi wa Zaburi ya 73 alikwisha kuona jambo hilo hilo, waovu wakinenepa na wenye mikono safi wakipigwa kila asubuhi, akaungama kwamba imani yake ilikaribia kuteleza.

Si ajabu basi kwamba wengine walitafuta jawabu pengine. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisimulia kwamba alimezwa na joka kubwa la ziwani, Mumbo, likamtapika mzima na kumpa ujumbe kwamba Wazungu watatoweka na dini yao ni ya uongo. Na ujumbe huo ukashika moto zaidi huku kusini, kwa Waluo na kwa Wagusii, kwa kuwa ulimwambia mnyonge neno ambalo mimbari haikumwambia, yaani kwamba ameonewa. Serikali iliwakamata wakuu wa Mumbo, na baadhi yao ikawahamishia mbali, mpaka Lamu. Kwa maoni yangu watu hao walikosea katika utabiri wao, lakini hawakukosea katika malalamiko yao. Na manabii Yeremia na Habakuki, waliomlalamikia Mungu juu ya dhuluma bila ya kumung'unya maneno, wangaliyafahamu.

Hata hivyo palikuwa na watu walioanza, pengine bila ya kujua, kuiacha hesabu ya Elifazi na kushika njia nyingine. Mwaka 1925 Waadventista walifungua hospitali ya Kendu, chini ya Daktari Madgwick. Njia hiyo ni ile ile ya Injili ya Yohana, ambayo katika sura ya tisa inasimulia kwamba wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana wao ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, swali ambalo mzee yeyote wa ufuko huu angaliliuliza kwa maneno hayo hayo. Naye akakataa yote mawili, akatema mate, akafanya tope, akampaka mtu yule macho. Kuna wanaosoma sura hiyo wakatafuta ndani yake maelezo mapya ya asili ya mateso. Mimi naona kwamba jambo kubwa lililomo ni mpango wake: swali la lawama limefungwa kwa sentensi moja, na kazi ya mikono ikaanza papo hapo. Hivyo ndivyo ilivyo katika Luka 13, ambapo watu kumi na wanane wameangukiwa na mnara wa Siloamu, na Yesu anakana waziwazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Biblia nzima ilipatikana kwa Dholuo mwaka 1953, Agano Jipya likiwa limetangulia tangu mwaka 1926. Muongo mmoja tu baadaye, mwaka 1963, palitokea katika Nyanza ya Kusini tukio kubwa la dini lililoanzia kaburini. Gaudencia Aoko, mwanamke Mkatoliki mwenye umri wa miaka ishirini hivi, alifiwa na watoto wake katika mazingira yaliyodhaniwa kuwa ya uchawi. Naye, pamoja na Simeo Ondeto, wakaongoza vuguvugu lililochoma hirizi, likabatiza makumi ya maelfu kwa muda mfupi, na kuwa kanisa la Legio Maria. Makao yake yakawa Got Kwer, Migori, ambako Ondeto, aliyetukuzwa na wafuasi wake kuwa Masihi, alizikwa baada ya kufa mwaka 1991. Sikubaliani na mafundisho yao juu ya Ondeto. Lakini sitamlaumu mama aliyezika wanawe, akakataa kuambiwa kwamba ni kwa kosa lake, akainuka akawaita wanawake wengine waliofiwa. Aoko alikuwa na kitu cha Ayubu ambacho wakosoaji wake wengi wenye elimu hawakuwa nacho: hakukubali kuzikwa pamoja na maiti zake.

Haya yote, hata hivyo, yalikuwa utangulizi wa msiba uliokuja baadaye, ambao mimi nauona kuwa ndio mtihani mkubwa kuliko wote wa imani ya ufuko huu. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Katika miaka iliyofuata, kwenye fuo za uvuvi kutoka Kendu Bay, Mbita na Mfangano mpaka Karungu na Muhuru, na ndani ya nchi mpaka Ndhiwa, Rongo na Migori mjini, watu wakaanza kukonda, kukohoa na kuharisha, na watoto wakafa mmoja baada ya mmoja. Dalili zote za chira zilikuwa zimetimia! Mzee aliyezishika ada alimtazama mgonjwa akasema kwamba mwiko umevunjwa. Na mimbari nyingi, ambazo kwa miaka themanini zilikuwa zimehubiri dhidi ya chira, zikamtazama mgonjwa huyo huyo zikasema kwamba ni adhabu ya zinaa. Wawili hawa, waliodhani kwamba ni mahasimu, walikuwa wakisoma hesabu moja kutoka kitabu kimoja, na kitabu hicho hakikuwa cha Ayubu bali cha rafiki zake.

Tazama ukweli ulivyokuwa. Mke aliyeolewa bikira, asiyemjua mwanamume mwingine maisha yake yote, aliambukizwa na mumewe kitandani mwake. Mjane aliyetiishwa na ukoo arithiwe na mwanamume aitwaye jater, ili kuitimiza kwer na kuwaepusha wanawe na chira, alipokea mauti kwa njia ya utii wenyewe. Mchuuzi wa samaki aliyelazimika kuwa na jaboya, mvuvi ambaye hakumuuzia samaki bila ya kumtaka mwili, alikuwa akinunua unga wa watoto. Wanaume wa Kiluo, ambao ada yao ya kale ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno sita ya chini wala si kutahiri, walikuwa katika hatari iliyozidi ya makabila mengine kwa sababu ambayo hawakuijua wala kuichagua; utafiti uliofanywa Kisumu, uliokatizwa mwezi Desemba 2006 kwa kuwa matokeo yake yalikuwa wazi mno, ulionyesha kwamba tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa mwanamume kwa zaidi ya nusu. Na mtoto mchanga aliyezaliwa na virusi hivyo Homa Bay, ambaye hakuwa amepata hata kutamka neno, alitenda dhambi gani?

Sisemi kwamba hakuna dhambi iliyochangia. Biblia haisemi hivyo, na ufuko wenyewe unajua kuwa ulevi, ulaghai na uzinzi vilikuwapo. Lakini kutoka kwenye neno kwamba dhambi huleta maumivu, mpaka kwenye neno kwamba kila mwenye maumivu ametenda dhambi, pana mwendo mrefu, na Elifazi aliuruka kwa hatua moja.

Mwaka 1996 Madaktari Wasio na Mipaka waliingia Homa Bay. Wakati huo dawa za kupunguza makali zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, yaani kwa mkulima wa Ndhiwa zilikuwa kana kwamba hazipo. Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuwauzia Madaktari hao dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, na bunge la Kenya likapitisha sheria iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. Na mwaka huo huo, katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay, wagonjwa wakaanza kupewa dawa hizo bure, jambo ambalo halikuwa limefanywa katika hospitali yoyote ya serikali nchini. Mwaka 2006 serikali ikazifanya kuwa bure kote. Huko Karungu, Migori, mapadre Wakamilo walikuwa wamejenga hospitali ya Mtakatifu Kamilo, na kando yake wakajenga Dala Kiye, makao ya yatima. Watu waliokwisha kuagwa na jamaa zao waliinuka vitandani, wakarudi mashambani.

Imenipasa kusema kwamba katika hospitali hizo hakuna aliyepewa sharti la kueleza kwanza ni nani aliyemtendea nani dhambi. Alipimwa damu, akapewa vidonge, akaambiwa arudi mwezi ujao. Kwangu mimi hapo palikuwa na ufafanuzi wa kitabu cha Ayubu ulio sahihi kuliko mahubiri mengi yaliyotolewa juu yake katika matanga ya miaka hiyo, ambapo mjane alikalishwa mbele ya watu, jeneza la mumewe likiwa karibu naye, akasikilizishwa orodha ya maovu.

Msiba haujaondoka. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64, wanaoishi na virusi vya ukimwi walikuwa asilimia 19.6 katika Homa Bay na asilimia 13.0 katika Migori, na wastani wa Kenya nzima ulikuwa asilimia 4.9. Kwa hiyo nakusihi, msomaji, na hasa wewe uliye mchungaji, katekista au mzee wa kanisa: utakapoitwa matangani Ndhiwa, Mbita, Rongo au Karungu, usimwulize mtu yeyote marehemu alifanya nini. Keti na mjane, mwulize kama watoto wamekula, na mwulize kama dawa zake zitamfikisha mwisho wa mwezi.